Usiku Spika Aliporuka Uzio

Wanangu, leo nawapeleka mbali, hadi Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Ni Jumanne, tarehe 3 Desemba 2024, saa 4:27 usiku. Watu wanajiandaa kulala. Mara Rais Yoon Suk Yeol anatokea kwenye televisheni na kutangaza kwamba nchi sasa iko chini ya sheria ya kijeshi. Anasema wapo watu ndani ya taifa wanaoegemea Korea Kaskazini, na kwamba Bunge limegeuka pango la wahalifu.

Haukupita muda ikatoka amri ya jeshi. Shughuli zote za siasa marufuku, za Bunge zikiwemo. Vyombo vya habari viwe chini ya jeshi. Migomo na mikutano ya hadhara marufuku. Atakayekaidi atakamatwa bila hata hati ya mahakama.

Msidhani hofu ya Korea Kaskazini ni ya kubuni. Vita vya Korea vilianza mwaka 1950, na mwaka 1953 pande mbili zikakubaliana kusitisha mapigano tu; mkataba wa amani haujasainiwa mpaka leo. Kutoka Seoul hadi mpaka ule wenye mizinga ni kilomita zipatazo 50. Nchi iliyokaa hivyo inahitaji rais awezaye kuchukua hatua upesi siku adui akivamia, na Katiba yao imempa uwezo huo. Mimi sioni kosa hapo. Lakini mkubwa akishatamka “usalama wa taifa”, watu wengi huogopa hata kuuliza adui mwenyewe yuko wapi. Usiku ule hapakuwa na jeshi lililovuka mpaka. Palikuwa na ugomvi mkali kati ya rais na wapinzani, ambao walikuwa wengi Bungeni, wakampunguzia bajeti na kuwafungulia maofisa wake mashtaka ya kuwaondoa kazini.

Wazee waliposikia tangazo lile, mioyo iliwaenda mbio. Mei 1980, Jenerali Chun Doo-hwan na wenzake walieneza sheria ya kijeshi nchi nzima. Wanafunzi wa mji wa Gwangju wakaandamana kuipinga, na jeshi likawafyatulia raia risasi. Zipo familia ambazo hazijapata mwili wa kuzika hadi leo. Mwandishi Han Kang, mzaliwa wa mji huo, aliandika riwaya juu ya mauaji yale. Na Desemba hiyo hiyo ya 2024 alikuwa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha kisa chetu. Kifungu cha 77 cha Katiba ya Korea Kusini kinasema kwamba wabunge zaidi ya nusu wakitaka sheria ya kijeshi iondolewe, rais hana budi kuiondoa. Bunge lina viti 300, kwa hiyo kura 151 zinatosha. Na kanuni hiyo haikuwa mpya. Mwaka 1980 nayo ilikuwemo katika katiba ya wakati ule, ila askari waliziba njia ya kuingia Bungeni, kikao hakikukaa, na kanuni ikabaki maandishi matupu. Swali la usiku ule wa Desemba, basi, lilikuwa moja: je, wabunge wataweza kuingia?

Polisi walikuwa wamekwisha kufunga mageti. Kiongozi wa upinzani, Lee Jae-myung, alijirekodi moja kwa moja mtandaoni akiwa njiani, akiwaomba wananchi waende Bungeni, kisha akapanda uzio. Spika Woo Won-shik, mzee wa miaka 67, naye akaruka. Raia walifurika getini kwenye baridi kali, wengine wakisimama mbele ya magari ya jeshi. Helikopta zikashusha makomando, wakavunja madirisha na kuingia. Wafanyakazi wa Bunge, watu wa kalamu na makaratasi, wakarundika viti na makochi milangoni na kuwapulizia askari vizimamoto.

Ndani ya ukumbi wabunge walipiga kelele: tupige kura sasa hivi, wanakuja! Spika akakataa. Azimio liandikwe kwanza, liwasilishwe kama utaratibu unavyotaka, ndipo kura ipigwe. Hebu fikirini, askari wamo ndani ya jengo, na mzee huyu anangoja karatasi! Ujasiri wa kuruka uzio nauheshimu, lakini huu wa kungoja nauheshimu zaidi. Alijua kwamba kura yenye kasoro ingempa rais kisingizio cha kuikataa asubuhi yake.

Saa 7 usiku ilipogonga, kura zikapigwa. Wabunge 190 walikuwemo, na wote 190 wakasema iondolewe. 18 kati yao walitoka chama cha rais mwenyewe. Askari wakaanza kuondoka. Kabla ya kupambazuka, rais akatangaza kwamba anaiondoa.

Tarehe 14 Desemba Bunge likapiga kura 204 za kumshtaki rais. Kesi ikaenda Mahakama ya Katiba, na tarehe 4 Aprili 2025 majaji wote 8 wakaamua kwa kauli moja kwamba aondoke madarakani. Walisema hapakuwa na dharura ya kiwango ambacho Katiba inakitaka, na kwamba rais aliagiza wabunge watolewe nje ili wasipige kura. Wapinzani nao hawakusifiwa tu. Majaji walisema ugomvi ule haukuwa wa upande mmoja, na ulipaswa kumalizwa kwa mazungumzo ya kisiasa. Nalipenda zaidi jambo hili: mahakama ilieleza kwamba Bunge liliwahi kupiga kura kwa sababu raia walikataa, na kwa sababu askari na polisi walitekeleza amri zile kwa kusitasita. Kijana mwenye bunduki, aliyelelewa akisimuliwa habari za Gwangju, alivuta miguu.

Uchaguzi ukafanyika tarehe 3 Juni, Lee Jae-myung akashinda. Mwezi uliofuata Bunge likarekebisha sheria yenyewe: hata nchi ikiwa chini ya jeshi, askari na polisi wasiingie Bungeni bila idhini ya Spika.