Dirisha na Injini

Desemba 1997, mjini Washington, katika kesi ya serikali dhidi ya Microsoft, Jaji Thomas Penfield Jackson aliiambia mahakama yake kwamba Internet Explorer imeondolewa kwenye kompyuta ya Windows 95 kwa muda usiofika sekunde 90, na kompyuta ikaendelea kufanya kazi kama kawaida. Microsoft, walioshikilia kuwa kivinjari hicho hakitenganishiki na mfumo endeshi, walijibu kwamba kilichoondoka ni sura tu. Mafaili yenyewe bado yamo.

Kila upande ulikuwa na hoja, maana kivinjari ni vitu viwili. Kuna dirisha unaloandikia anwani, na kuna injini inayosoma msimbo wa ukurasa na kuuchora kwenye kioo. Injini ya Microsoft ilikaa katika faili la mshtml.dll, na programu nyingine zikawa zinaiazima.

Hata leo mtindo ni huohuo. Gusa kiungo ndani ya programu fulani kwenye simu ya Android: ukurasa unafunguka humohumo, wala hujafungua kivinjari. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa na WebView, injini ya kuazimwa na wote. Machi 2021 sasisho lake lilitoka na kasoro, na programu chungu nzima, Gmail ikiwemo, zikawa zinajifunga zenyewe. Ndiyo gharama ya kuchota katika kisima kimoja.

Kuna pia hatari ya usalama. Kivinjari hupokea msimbo wa watu usiowajua kutwa nzima. Kadiri kinavyoshikamana na mfumo, ndivyo ufa wake unavyomfikisha mdukuzi mbali. Waliotumia Windows XP wanalijua hilo vizuri mno.

Kwa maoni yangu, injini na iwemo, lakini mwenye kompyuta asinyimwe haki ya kuondoa dirisha na kuweka lake. Mahakama ya rufaa ya Marekani, mwaka 2001, ilifuta amri iliyokuwa imetolewa ya kuigawa Microsoft vipande viwili, ila ilikubali kwamba kuificha Internet Explorer isionekane kwenye orodha ya programu za kuondolewa kulivunja sheria.

Apple walikwenda mbali zaidi: kwenye iPhone kila kivinjari kililazimika kutumia injini yao, WebKit. Tangu Machi 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka waruhusu nyingine, lakini sheria hiyo inahusu nchi za Umoja huo tu. Ukiwa Dar es Salaam na iPhone mkononi, Chrome unayoifungua ni dirisha la Google juu ya injini ya Apple.