Mizinga Mingi Mitini, Asali Kidogo Sokoni

Biashara ya asali katika kaunti za Kitui na Makueni hupimwa kwa idadi ya mizinga, na hapo ndipo hesabu zake zinapoanza kupotoka, kwa kuwa mzinga uliotundikwa si lazima uwe na nyuki, na wenye nyuki si lazima urinwe na mwenyewe kabla nyegere hajaufikia. Takwimu iliyorudiwa na maofisa kwa miaka mingi husema kwamba Kenya ina uwezo wa kuzalisha tani 100,000 za asali kwa mwaka, ilhali inavuna takriban tani 25,000, yaani robo tu ya uwezo huo. Ofisa mmoja wa mifugo, ambaye hakutaka kutajwa, anashikilia kuwa pengo hilo litazibwa na mizinga ya kisasa inayogawiwa vikundi vya wakulima. Kuhusu namna makadirio yenyewe yanavyofikiwa, maelezo yake ni kwamba idadi ya mizinga huzidishwa kwa mavuno yanayotarajiwa kutoka kila mmoja. Kwa utaratibu huo, mzinga uliohamwa na nyuki tangu ukame uliopita huendelea kutoa asali kwenye karatasi, na kadiri mizinga inavyogawiwa ndivyo uzalishaji unavyoonekana kupanda, hata kama hakuna sega lililokatwa.

Mfanyabiashara mmoja wa Mwingi, anayenunua asali ya masega vijijini na kuichuja kabla ya kuipeleka Nairobi, haoni tani hizo zinakopita. Malalamiko yake, ambayo wafugaji kadhaa wa Kibwezi wanayaunga mkono, ni kwamba sehemu kubwa ya shehena yake ingali inatoka kwenye mizinga ya magogo, ile ambayo Wakamba huiita myatu, na si kwenye ile ya kisasa inayopigiwa debe. Mzinga wa gogo huchongwa kutoka kwa mti kama mukau, ukatobolewa ndani, ukazibwa ncha zote mbili na kutundikwa juu kwenye tawi la mgunga au mbuyu. Kasoro zake zinajulikana: masega yameshikana na mbao, hivyo mrinaji hukata asali pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki, na kazi yenyewe hufanywa usiku, juu ya mti, kwa moshi na mwenge. Hata hivyo, anavyodai mfanyabiashara huyo, wazee walijua kuutundika mahali ambapo mwizi hafiki kwa urahisi.

Mwizi anayezungumziwa ni nyegere, mnyama mdogo mwenye ngozi nene na makucha marefu, ambaye huchimba, hupanda miti na huvutiwa na majana kuliko asali yenyewe. Hasara anayoleta haiishii kwenye masega, kwa sababu nyuki wa Kiafrika ni wepesi wa kuhama wanaposumbuliwa, na kundi likishaondoka mzinga unaweza kukaa mtupu msimu mzima. Dawa inayojulikana ni waya. Mzinga unaoning'inia kwa waya mwembamba, mbali na shina na mbali na tawi jingine, humnyima nyegere pa kukanyaga, na waya huohuo ukipakwa grisi huzuia siafu. Wengine huongeza mabati laini kuzunguka shina ili makucha yasipate pa kushika. Waya unapokuwa mfupi, au nguzo ikiachwa bila mabati, gharama yote ya mzinga inakuwa imemwandalia nyegere karamu.

Hapo ndipo mzinga wa kisasa unapozua mjadala. Ule uitwao KTBH, uliobuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, una kuta za mshazari na vijiti vya juu vyenye upana wa milimita 32, ambavyo kila kimoja hubeba sega lake, kwa hiyo mrinaji huchagua la asali na kuliacha la majana. Huning'inizwa kati ya nguzo mbili kwa kimo cha kiuno, jambo lililowafungulia mlango wanawake, ambao kwa desturi hawakutarajiwa kukwea miti. Faida hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Lakini kimo kinachomfaa mama mwenye ndoo kinamfaa pia nyegere, na lawama kubwa ya mfanyabiashara wa Mwingi ni kwamba mizinga hukabidhiwa kwa sherehe bila waya, bila mabati na bila mtu wa kurudi kuikagua. Ofisa aliyetajwa anajibu kuwa kuning'iniza ni jukumu la kikundi. Jibu hilo linaweza kuwa sahihi kiutawala, ila halielezi kwa nini mizinga ya kikundi kama hicho ihesabiwe kuwa inazalisha.

Kumuua nyegere si njia. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza, na orodha yake ya wanyama ambao uharibifu wao wa mali hulipiwa fidia, wakiwemo tembo na simba, haimtaji. Nchini Afrika Kusini, asali ya wafugaji waliokubali kuinua mizinga badala ya kutega mitego iliwahi kuuzwa kwa nembo maalumu, lakini ni vigumu kuona mnunuzi wa ndoo barabarani Mtito Andei akilipia nembo.

Bei nayo ina mtego wake. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 hukaribia kilo 28, na mfugaji anayelipwa kana kwamba lita ni kilo humwachia mnunuzi kilo nane bila kujua. Mfanyabiashara wa Mwingi hakupenda kulizungumzia hilo kwa undani. Aligeukia upesi suala la wanaochanganya asali na sukari.

Matarajio ya misimu ijayo hayatabiriki. Mvua za vuli, ambazo ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani, zikinyesha vizuri, migunga huchanua na bei ya shambani huelekea kushuka. Lakini migunga hiyohiyo ndiyo inayochomwa mkaa, na katika Makueni dawa zinazopuliziwa maembe dhidi ya nzi wa matunda zinaweza kuwadhuru nyuki wanaofuata maua yake. Ofisa anatarajia ongezeko. Mfanyabiashara, kwa upande wake, anasema ataendelea kujaziliza upungufu kwa asali ya Tanzania hadi atakapoona waya ukigawiwa pamoja na mizinga.