Anayemtunza Mamako Nyumbani, Je, Ana Leseni?

Mama yako amepata kiharusi. Hospitali imemruhusu arudi nyumbani, lakini hawezi kujigeuza kitandani na analishwa kwa mpira unaopitia puani. Wewe unaishi Kitengela, na kila alfajiri huna budi kupanda matatu kwenda kazini Nairobi. Nani atabaki naye?

Hapo ndipo jirani hukupa nambari ya simu ya kampuni inayoleta watunzaji wa wagonjwa nyumbani. Wengi wetu huuliza bei kwanza. Tukionyeshwa cheti cha kusajiliwa kwa kampuni na kibali cha biashara cha Kaunti ya Kajiado, tunaridhika. Lakini, msomaji, karatasi hizo zinasema tu kwamba kampuni inaruhusiwa kufanya biashara. Hata muuza simiti anazo. Hazisemi lolote kuhusu ujuzi wa msichana atakayebisha mlangoni Jumatatu asubuhi.

Ujuzi wa muuguzi una msimamizi wake. Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257, ya mwaka 1983, ndiyo iliyounda Baraza la Wauguzi la Kenya, na muuguzi hapaswi kufanya kazi bila kusajiliwa nalo na kuwa na leseni ambayo muda wake haujaisha. Basi mwombe muuguzi mwenyewe nambari ya usajili wake, ulinganishe jina na kitambulisho, kisha uhakikishe kwa Baraza. Muuguzi wa kweli hatakasirika.

Mtunzaji aliyesoma miezi michache si muuguzi. Sisemi hafai. Kuosha mgonjwa, kumbadilisha nepi na kumgeuza ni kazi yake, na mwenye moyo huifanya vizuri kuliko sisi watoto. Ubaya huja pale kampuni inapomvika sare nyeupe na kumwachia kazi za muuguzi, kama vile kubadilisha mpira wa mkojo au ule wa kulishia. Mpira wa kulishia ukiingia njia ya hewa badala ya tumboni, uji huishia mapafuni, na mgonjwa anaweza kufa.

Uliza pia ni nani atakayemkagua mtunzaji huyo, na mara ngapi. Kampuni isiyo na muuguzi wa kupita nyumbani kwako inakuuzia mfanyakazi tu.

Wewe nawe kagua. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, usiku pia, la sivyo ngozi huanza kuoza kwa kulaliwa. Ukirudi jioni usitosheke na kuambiwa "ameshinda salama". Funua shuka, tazama mwisho wa uti wa mgongo, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipozidi weusi, penye joto au pagumu ukigusa. Kisha soma daftari: aligeuzwa saa ngapi, alikunywa nini, alipewa dawa gani. Daftari lililojazwa lote kwa mkupuo mmoja utalitambua.

Muuguzi akizembea, mshtaki kwa Baraza, ambalo linaweza kumfuta katika orodha yake. Mtunzaji asiye muuguzi hayumo katika orodha hiyo. Akimpiga mzee au kuiba, nenda polisi. Kwa mengine utategemea mkataba wako na kampuni, kwa hiyo uandikwe kabla ya siku ya kwanza: kazi gani afanye, ipi asiguse, na nani hugharamia matibabu mgonjwa akiumizwa.