Bunduki ya mitutu miwili yagoma kufunga baada ya kusafishwa? Sababu hii hapa

Masika yakishika bonde la Kilombero, chuma hakina raha. Unyevu wa mashamba ya mpunga ya Idete na vijiji vya jirani unatosha kuotesha kutu kwenye mtutu uliokaa siku chache bila mafuta.

Ndiyo maana mwenye shotgani ya mitutu miwili iliyolala sambamba, anayeimiliki kihalali kwa ulinzi, huifungua mara kwa mara kuifuta. Kufungua ni rahisi. Kasheshe huanza kwenye kuirudisha.

Vipande ni vitatu tu

Bunduki hii hugawanyika sehemu tatu: mitutu, mbao ya mbele inayoshikwa kwa mkono wa kushoto, na kitako pamoja na mwili wenye mitambo.

Chini ya mitutu kuna jino lenye mkato wa nusu duara. Mkato huo hukumbatia pini iliyo mbele ya mwili, na hapo ndipo bunduki hukunjikia kama bawaba ya mlango.

Kwa nini inagoma?

Bunduki nyingi za aina hii zinafuata mtambo uliobuniwa na Anson na Deeley huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1875. Nyundo zake zimefichwa ndani. Ukikunja mitutu, chuma cha mbao ya mbele husukuma mikono midogo inayorudisha nyundo nyuma.

Sasa mtu anasafisha, vipande viko mkekani, kidole kinagusa kifyatulio. Nyundo zinaanguka. Mikono ile inabadili mkao, na mbao ya mbele haikai tena.

Wengi hapo huchukua nyundo ya fundi na kugonga. Hilo ni kosa kubwa: mbao hupasuka au chuma hupinda. Kinachotakiwa ni kurudisha mikono hiyo mahali pake, na kama hujui namna, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni.

Zile za zamani zenye nyundo za nje hazina shida hii, kwani nyundo huvutwa kwa dole gumba.

Hatua za kuirudisha

1. Risasi ziwe mbali, chumba kingine kabisa.
2. Chungulia mitutu yote miwili dhidi ya mwanga. Kitambaa kilichosahaulika au tope linaweza kupasua mtutu siku ya kupiga.
3. Paka mafuta kidogo kwenye pini.
4. Sukuma wenzo wa juu kulia, ingiza jino la mitutu kwenye pini, kisha inua kitako taratibu mpaka ifunge.
5. Bunduki ikiwa imefungwa, weka mbao ya mbele mpaka usikie "ka!"
6. Ifungue tena na uhakikishe haina risasi.

Katika hatua zote hizo, usiguse kifyatulio.

Usiazime mitutu ya jirani

Bunduki mbili zinaweza kufanana kwa sura, lakini kiwandani mitutu na mwili wake vilisuguliwa kwa mkono mpaka vikakamatana. Mitutu ya bunduki nyingine inaweza kuingia na bado ikaacha mwanya. Baruti ikiwaka, mwanya huo uko karibu na uso wa mpigaji.

Na sheria je?

Umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kupitia Jeshi la Polisi. Kibali cha kumiliki si kibali cha kuwinda. Uwindaji una sheria yake, ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Tembo akiingia shambani usiku, anayepaswa kuitwa ni askari wa wanyamapori. Risasi za nguruwe pori hazimwangushi tembo. Zinamjeruhi na kumkasirisha, naye humgeukia aliye karibu. Mara nyingi huyo ni mlinzi aliye kwenye dungu.