Mangoma za Msimu wa Majani Kudondoka

Wase, "September" ya Earth, Wind & Fire haikutoka Septemba. Iliachiliwa Novemba 1978, na ukiiskiza poa utashika kitu moja: msee anayeimba ako Desemba, anakumbuka raha ya miezi imeshaenda. Wengi wetu tumeikatikia kwa harusi na mabash bila kucheki hiyo. Allee Willis, mmoja wa walioiandika, alisumbuliwa sana na watu wakitaka kujua ile tarehe 21 inayoimbwa hapo ilikuwa na maana gani. Lazima kuna siri hapo, si ndio? Zii. Maurice White wa hiyo bendi aliichagua juu ilikuwa inaimbika freshi kuliko zingine.

Kukumbuka raha imeshaenda ndio rada ya karibu kila ngoma kali ya msimu wa majani kudondoka huko majuu. Haziimbwi na mtu ako ndani ya raha. Zinaimbwa na mtu raha imemwacha, amebaki kuhesabu. Na ukicheki vizuri, si drama ya bure. Huku Nai jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu, iwe Januari, iwe Agosti, kwa hivyo hatujui kuibiwa mchana. London, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na ikifika katikati ya Novemba, saa kumi na moja jioni giza imeshashika mtaa. Miti nayo inaona siku zimekuwa fupi, inaacha kutengeneza rangi ya kijani, manjano iliyokuwa imejificha chini inatokea, alafu jani linadondoka. Ukipitia hiyo kila mwaka, lazima siku moja utashika gitaa.

Mama ya hizi ngoma zote ni "Autumn Leaves", na usidhani ni ya Marekani. Ilizaliwa Paris. Joseph Kosma, msee wa Hungary aliyekuwa amehamia Ufaransa, alitunga mziki, Jacques Prévert akaweka maneno ya Kifaransa, na ikaingia kwa filamu ya Marcel Carné ya 1946, Les Portes de la nuit. Filamu ilianguka vibaya, ngoma ikatoka hapo nzima. Johnny Mercer akaivalisha Kizungu. 1955 Roger Williams akaipeleka namba moja Marekani na piano, bila mtu kuimba hata neno. 1958 Cannonball Adderley na Miles Davis wakaivuta hadi karibu dakika 11, na tarumbeta ya Miles hapo inaongea polepole ka mzae hataki kulia mbele ya wageni.

Lakini ukinipea nafasi ya moja tu, nachukua ile ya Eva Cassidy. Aliirekodi Januari 1996 akiwa Blues Alley, klabu ndogo ya jazi kule Washington. Alikuwa na mafua, na sauti yake ya hiyo usiku haikumbamba. Hebu imagine! Novemba ya huo mwaka kansa ikamchukua akiwa na miaka 33, na nje ya Washington watu wachache sana walikuwa wanamjua. Uingereza walimshika baadaye kupitia redio, na 2001 albamu yake Songbird ikagonga namba moja huko. Kwa hii ngoma hana haraka, hapandishi sauti ndio umwonee huruma, na akinyamaza kati ya mistari unaskia venye nafasi imebaki wazi. Wengine wote waliimba majani. Yeye aliimba kuachwa.

Kuna ingine hunikera, si ngoma, ni watu. Kila Oktoba ikianza, mbogi ya intaneti humchokoza Billie Joe Armstrong wa Green Day ati aamke, Septemba imeisha. Wase, "Wake Me Up When September Ends" ni ya buda yake. Alidedi Septemba 1982, kansa, na Billie Joe alikuwa na miaka 10 tu. Ilimchukua zaidi ya miaka 20 kuitoa, kwa albamu ya 2004. Hiyo si ya kuchekea.

Nikiruka Taylor Swift masista watanichapa. "All Too Well" ilitoka 2012, alafu Novemba 2021 akairudisha ikiwa dakika 10 na ikafika namba moja ya Billboard, ngoma ndefu kuliko zote kuwahi kufika hapo. Stori nzima inasimama juu ya skafu iliyosahaulika kwa keja ya sista ya chali. Kwangu ile ya kwanza bado ndio kali. Ile ndefu inaeleza sana.

Na "November Rain" ya Guns N' Roses? Kwa video Slash anachapa gitaa nje ya kanisa, vumbi kila mahali, jani hata moja hakuna. Lakini kwa hii list ndio pekee yenye hali yake ya hewa tunaijua: Novemba ya Nai ni mvua, jam, na mathree zimepandisha fare.

Ukitaka kuingilia hizi mangoma, anza na Eva, na utumie earphones. Usimskize kwa nganya, besi itammeza.