Upepo Ukigeuka Toronto, Unguja Ni Demani

Karatasi ya mazoezi ya skuli ilisema kwamba nchi zilizo karibu na Ikweta hazina majira, zina joto tu mwaka mzima. Binti mmoja wa darasa la tatu, mzaliwa wa Toronto ambaye wazazi wake ni watu wa Malindi, Mji Mkongwe, alikuwa amechora majira manne ya kwa bibi yake: kaskazi, masika, kusi na vuli. Mwalimu akamwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu. Mama yake hakuridhika, na makala haya yametokana na kutoridhika huko.

Aliyekulia Funguni au Mkokotoni haelezwi kusi ni nini, wala kwa nini nahodha mwenye akili hatweki tanga katikati ya Julai bila kuitazama bahari kwanza. La kuelezwa ni vipi mtu aishi kando ya Ziwa Ontario, ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 300, aone upepo ukigeuka mara kwa mara mwishoni mwa Agosti, kisha aamini kwamba majira ni theluji na majani mekundu basi.

Kinachotokea ni hiki. Katikati ya kiangazi hewa ya Toronto mara nyingi huja na upepo wa kusini-magharibi, na unyevu wake umetoka mbali, hadi Ghuba ya Mexico. Siku zikianza kufupika, kaskazini ya Canada hupoa mapema, na hewa baridi, kavu na nzito hulundikana huko. Mkondo wa upepo wa anga za juu ukishuka kusini, hewa hiyo huteremka nao. Kwa uzito wake hupenya chini ya hewa ya joto kama kabari na kuiinua. Iliyoinuliwa hupoa, mawingu hutanda, radi hupiga na mvua hushuka kwa kishindo. Kisha upepo hugeuka, ukawa wa kaskazini-magharibi, mbingu zikatakata, na kipimajoto kinaweza kuanguka nyuzi 10 kabla ya chakula cha usiku. Wataalamu wa Bergen, Norway, akina Vilhelm Bjerknes na mwanawe Jacob, ndio waliofafanua mipaka hii ya hewa baridi na hewa moto mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Mipaka kama hiyo ipo pia upande wa kusini wa dunia, na karatasi ile haikuijali. Kati ya Juni na Agosti hupita Afrika Kusini mmoja baada ya mwingine, na nyuma yake hewa nzito husukuma upepo kupitia mlango wa bahari wa Msumbiji mpaka pwani yetu. Kusi ya kila mwaka huletwa na mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa karibu na visiwa vya Mascarene, mashariki ya Bukini. Lakini zile siku kusi inapozidi nguvu ghafla, wavuvi wa Kizimkazi wakazivuta ngarawa zao juu ya mchanga, mara nyingi kuna baridi iliyopita Durban siku chache nyuma. Kwa hiyo Unguja na Toronto zinapokea kitu kimoja kwa njia mbili, na Agosti inapokwisha, Toronto ikianza kupoa, Unguja inaingia demani, kusi inalegea na bahari inaanza kutulia.

Haya si mambo ya pambo. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, bahari ikiwa imechafuka, na wapo watu wa Mji Mkongwe ambao hadi leo hawapandi boti kabla ya kusikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuvunja merikebu za Sayyid Barghash. Pemba, ambayo haikuumizwa kiasi hicho, ikawa ndiyo inayoongoza kwa karafuu. Toronto nayo ina msiba wake. Oktoba 1954 mabaki ya Kimbunga Hazel yalikutana na mpaka wa hewa baridi, Mto Humber ukafurika usiku, na Ontario ikapoteza watu 81. Baada ya hapo nyumba zilizuiwa mabondeni mwa mito, na mabonde yale yakageuzwa bustani. Ndimo binti yule na kaka yake mdogo wanamoendesha baiskeli.

Kinachomshangaza zaidi mgeni ni namna Wakanada wanavyolihesabu joto. Wana kipimo chao, Humidex, kilichoanza kutumika mwaka 1965, kinachochanganya joto na unyevu kupata namba ya jinsi mwili unavyohisi. Siku ya nyuzi 30 yenye unyevu mwingi hutangazwa kuwa 41. Namba hiyo husomwa redioni asubuhi, hurudiwa kwenye lifti, kazini na kwenye foleni ya kahawa, na watu huiogopa kwa dhati. Februari, kaskazi ikikaribia kwisha, Darajani ingefika 45 kwa hesabu hiyohiyo, na maduka yamefunguliwa, na mtu anakaangwa na jua huku amebeba tenga la samaki. Hakuna anayemtangazia namba.

Kisha kuna maonyesho. Canadian National Exhibition, ambayo ilianza mwaka 1879, hufunguliwa nusu ya pili ya Agosti kando ya ziwa na kufungwa Siku ya Wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Wenyeji huyahesabu kuwa mlango wa kiangazi kufungwa. Kwa watoto maana yake ni moja: bembea za umeme, na skuli kesho yake. Mwaka jana mvua ya mpaka wa hewa baridi iliwakuta juu ya gurudumu kubwa. Kaka mdogo alilia kwa kuwa bembea zilisimamishwa. Radi haikumshughulisha.

Huyo kaka ndiye aliyelifahamu ziwa kwa mwili wake. Ameziona picha za vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani magharibi, naye akataka kufanya vivyo hivyo ufukwe wa Woodbine, siku yenye jua la kutosha. Alikimbia, akaingia mpaka kiunoni, akatoka mbio, midomo imekuwa ya zambarau na meno yanagongana, mama akamfunga kanga mbili. Upepo wa magharibi ulikuwa umevuma siku mbili. Ukivuma hivyo, maji ya juu yenye joto husogezwa katikati ya ziwa, na yale ya chini, ambayo jua haliyafikii, hupanda ufukweni. Maji yaliyokuwa nyuzi 20 huweza kushuka chini ya 10 kwa muda mfupi. Bahari ya Unguja haimfanyii mtoto hivyo. Hata kusi ikiwa kali, maji yake hubaki nyuzi 25 hivi.

Kijana akamsimulia bibi yake kwa simu ya video. Bibi, ambaye Julai hujifunika shuka nzito kwa baridi ya nyuzi 22, alimuuliza kwanza upepo ulitoka wapi. Hakuna mtu mzima wa Toronto aliyekuwa amemuuliza hivyo. Tangu siku hiyo dada yake ana daftari. Kila asubuhi hutazama bendera iliyo kwenye roshani ya jirani, huandika upande inakoelekea, na jioni humsomea bibi naye humjibu ya kwao: leo matlai, leo mvua ya mchoo imepita Bububu, leo kimya. Kaka huandika humo pia, ila yeye huchora papa.

Safari ya Unguja imepangwa Julai ijayo, ili wauone Mwaka Kogwa Makunduchi. Baba anasema masweta yabaki Toronto. Binti ameshayaweka sandukuni, na la kaka yake limeshakuwa dogo, kwa hiyo itabidi linunuliwe jingine.