Kilango Cheusi cha Moyo

Moyo wa mtu una vilango vinne, ambavyo madaktari huviita vali. Kwa kila pigo hufunguka damu ipite, kisha hujifunga isirudi nyuma. Huku kwetu Lubumbashi, kama katika sehemu nyingi za Afrika, vilango vya vijana mara nyingi huharibiwa na homa ifuatayo maumivu ya koo yasiyotibiwa. Lakini iko sababu nyingine, adimu sana, ambayo mtu huzaliwa nayo.

Ugonjwa huo huitwa alkaptonuria. Mwili wa mgonjwa hauwezi kuvunja asidi moja itokanayo na vyakula vyenye protini. Asidi nyingi hutoka na mkojo, nao ukikaa chomboni hugeuka mweusi. Inayobaki hutia weusi gegedu za viungo na vilango vya moyo, polepole, kwa miaka mingi. Mtoto hucheza kama wenzake. Afikapo miaka 30 hivi, mgongo huanza kumwuma. Na baada ya miaka 50, kilango cha mshipa mkuu wa damu chaweza kukakamaa.

Wazazi waonapo madoa meusi katika nepi, wasimtafute mchawi, wala mume asimshutumu mkewe. Mwaka 1902 Archibald Garrod, daktari wa London, alieleza kwamba ugonjwa huu hurithiwa kwa kanuni zile zile alizozigundua Padre Gregor Mendel kwa kupanda njegere katika bustani ya monasteri yake. Baba na mama, wote wawili wazima, wamechangia sawasawa. Na kwa kila mimba hatari ni moja kati ya nne.

Kilango kikishakakamaa sana, dawa haikilainishi tena. Mpasuaji huusimamisha moyo, mashine ikisukuma damu badala yake, naye hushona kilango kipya. Cha madini hudumu sana, ila mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, na kupimwa damu, maisha yake yote. Kilichotengenezwa kwa nyama ya mnyama huchakaa mapema zaidi. Upasuaji wa vilango hufanywa, kwa mfano, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Basi jamaa wanaochanga nauli ya mgonjwa na waulize pia: akirudi nyumbani, damu yake itapimwa wapi?

Mkojo utokao mweusi pamoja na homa ni jambo jingine: mkimbizeni mgonjwa hospitali siku ile ile. Lakini ule unaogeuka mweusi chomboni, twawasihi wazazi, mwonyesheni daktari, na majibu yake myatunze. Miaka 50 baadaye, karatasi hiyo yaweza kumwongoza daktari atakayeusikiliza moyo wa mtoto wenu.